Potwe Mwenye Wenyewe

Papa potwe mnamjua? Wa bara msishtuke. Ni papa mkubwa kama basi, madoadoa mgongo mzima, na hana ubaya na mtu. Chakula chake ni vidagaa.

Haya. Kulikuwa na mzamiaji mmoja wa pweza, mtu ambaye kisu hakimtoki kiunoni. Asubuhi moja yeye na mwenzake, wakiwa mtumbwini, wakamwona potwe yuko juu kabisa, anakwenda kwa shida. Mzamiaji akavaa miwani, akatumbukiza kichwa majini. Lo! Kamba ya wavu imemkaba nyuma ya kichwa, imezama nyamani, na maboya yake anayaburuta. Roho ikamuuma. Akachomoa kisu.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kumkata kamba. Anakufa huyu!"

"Hebu tazama pezi la mgongoni." Pezini palikuwa na kidude cheusi chenye kiwaya kama cha redio. "Huyo ana wenyewe. Wataalamu wanamwona kwenye kompyuta saa yoyote. Mguse, uambiwe wewe ndiye uliyemfunga."

"Kwa hiyo wanajua?"

"Wasijue, na kidude chote kile?"

Mzamiaji akarudisha kisu. Tena akajiona mtu wa adabu, hagusi cha wenyewe! Kesho yake boti nyingine ikamwona potwe, watu wakatazama pezi, wakapita. Ya tatu wakampiga na picha.

Na huko ofisini je? Mtaalamu mmoja, mama wa watu, alikuwa akifungua kompyuta kila asubuhi. Kidude kile hakijui kidonda. Kinajua potwe yuko wapi tu, na husema kikiwa juu ya maji. Wiki ile kilisema kuliko siku zote, mama akafurahi. "Huyu wetu hajambo," akamwambia mwenzake. "Anaonekana kila saa."

Alionekana kwa sababu hakuweza tena kuzama. Siku mbili za mwisho alikuwa mzoga, ameshikiliwa na maboya, maji yanampeleka na kumrudisha, na kwenye kompyuta anatembea.

Mzamiaji alimkuta kwenye mikoko, kwa harufu. Akakaa topeni, akalia, mtu mzima na ndevu zake. Kamba yenyewe ilikuwa nyembamba. Angezama mara moja tu, akaikata kabla pumzi yake haijamwishia.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamsikitikia samaki! Mama Melania nani alimtikisia kichwa?

Tumemzika Jumanne. Alilala siku tatu ndani ya nyumba yake, amekufa, mlango umerudishiwa tu, na sisi tunapita hapo nje. Mimi mchungaji wenu nilimwona anakonda, nikasema, ana jumuiya yake. Ninyi wa jumuiya mkasema, ana wanawe mjini. Na wanawe waliniambia pale makaburini, wanalia: "Baba Mchungaji, tulijua yuko na kanisa. Na simu yake tukipiga ilikuwa inaita, tukasema basi yupo."

Ilikuwa inaita! Ndugu zangu, ilikuwa inaita kitandani, ubavuni mwa maiti.

Leo sitaki amina zenu. Geuka umtazame uliyekaa naye benchi moja. Mwulize jana alikula nini. Akikujibu "sijambo," usimwachie hapo.