Ngao Mia Mbili za Lumeza

Hapo zamani, na nikisema zamani sisemi juzi, palikuwa na mji wa mlimani ukiitwa Lumeza. Miaka mingi, baada ya mavuno, wavamizi walipanda kuja kula wasicholima. Basi watu wa Lumeza walihitaji ngao, na mila yao ilikuwa hii: aliyeunda ngao alisimama nyuma yake, mpimaji akairushia mkuki. Ikishika, imepita. Isiposhika, nadhani mnaelewa kwa nini mafundi wa Lumeza hawakuwa wavivu.

Mpimaji alikuwa mwanamke, Nakiete. Mwaka mmoja mji ulikuwa na haraka, ngao hazikupimwa, na mumewe akafa langoni nyuma ya ngao iliyopasuka kama kibuyu. Tangu siku hiyo Nakiete hakumwonea fundi yeyote haya.

Ngao ziliundwa mahali pawili. Chini mtoni palikuwa na tanuri la mji, mali ya wote: kila nyumba ilipeleka mkaa, kila nyumba ilitoa mtu wa kuvukuta moto. Mkuu wake alikuwa Mzee Mrutu, na moto wake haukuzimwa hata miaka ya amani, watu waliponung'unika kwamba mkaa unateketea bure. Juu, njia panda, palikuwa na karakana ya Kajiru, yake peke yake. Kajiru alijifunza kazi kwa Mrutu, akachoka kuunda ngao ile ile aliyounda babu yake Mrutu, akaaga, akaenda kujitegemea. Tangu hapo wawili hao walisalimiana kwa kukohoa.

Mwaka huo wapelelezi wakarudi mbio. "Wavamizi wako njiani! Siku saba tu, na safari hii ni wengi!"

Nakiete akahesabu. Walinzi mia mbili, ngao nzima arobaini. Akateremka mtoni.

"Mzee Mrutu, utaunda ngapi kwa siku saba?"

"Ngao zangu hazina haraka, mama. Thelathini."

Akapanda njia panda. "Kajiru, na wewe?"

Kajiru akamtolea ngao ambayo hakuwahi kuiona: ngozi ya nyati, vipande vyembamba vya chuma juu yake, nyepesi ajabu. "Hii inaundwa upesi, mama. Ila chuma cha kutosha sina. Chuma chote kiko kwa mzee."

"Umekuwa nayo tangu lini?"

Kajiru akatazama chini. "Mwaka wa pili huu. Nawauzia wawindaji wa ng'ambo."

Miaka miwili! Nakiete alitamani kumchapa nayo. Badala yake akamkokota hadi mtoni.

Mrutu akatia ngumu. "Chuma cha mji hakiingii karakana ya mtu. Leo ngao, kesho majembe yake." Siku ya kwanza akakataa. Siku ya pili akakataa. Siku ya tatu, asubuhi, Nakiete akasema, "Basi tuipime. Ikishika, utatoa chuma. Isiposhika, sitakusumbua tena."

Kajiru akasimama nyuma ya ngao yake. Nakiete akarusha. Mkuki ukapenya kwenye mshono, ukamchana ubavuni. Watu wakapiga kelele, Kajiru akakaa chini damu ikimtiririka, na Nakiete akamkimbilia.

Aliyeiokota ngao ni Mrutu. Akaipindua, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mwanangu," akasema, "umbo hili limelishinda langu. Kosa ni ngozi. Umeishona mbichi, ikikauka inajivuta. Sisi huifukiza kwanza. Uliondoka kabla sijakufundisha."

Papo hapo akafungua ghala la chuma.

Wacha wee, siku nne hizo! Kajiru, ubavu umefungwa kitambaa, anaonyesha. Watu wa tanuri wanapiga chuma. Mrutu anafukiza ngozi, macho mekundu. Zikatoka ngao mia moja na sitini, na Nakiete akapima kila moja, mshono kwanza, mkuki baadaye; kwenye mshono tu akakataa thelathini.

"Hizi zinatosha, mama!" wakamlilia.

"Hazitoshi."

Kwa hiyo watu thelathini walisimama langoni na mawe mikononi. Mmoja wao alikuwa Namkunda, binti wa Nakiete mwenyewe. Mama yake alimwona pale, akageuza uso.

Wavamizi wakaja. Mikuki ikagonga ngao, ngao zikashika. Wakarusha tena, zikashika. Mwisho wakateremka mlima bila hata debe moja la mtama. Lumeza haikuzika mtu. Namkunda alivunjwa mkono kwa rungu, akapona.

Sasa lilibaki baragumu la mji. Lumeza, vita vikiisha, mpimaji hulitundika kwenye mlango wa aliyeukinga mji, na kwa miaka saba mwenye mlango huo ndiye anayeamua juu ya chuma, juu ya wanafunzi na juu ya ngao. Na halikai milango miwili.

Mrutu akasema, "Moto ule tuliulinda wakati mkitucheka. Ungezimika, ngao ya Kajiru ingekuwa ngozi ya kukalia. Siku mbili nilikataa, ndiyo. Lakini ningempa chuma kila aombaye, ghala lingekuwa na nini siku ile?"

Kajiru akasema, "Ningebaki mtoni, mngepata ngao thelathini na makaburi. Niliificha, ndiyo. Mbona mji haukunipa hata gunia la mkaa nilipokuwa naijaribu? Wawindaji ndio walionilisha. Na nyuma yake nilisimama mimi."

Kisha Namkunda akasogea, mkono umefungwa vijiti. "Mama, mkono huu ulivunjika kwa sababu ulininyima ngao. Na wenzangu wote wako hai kwa sababu ulizikataa zile mbovu. Nimekukasirikia na nakushukuru, vyote pamoja. Litundike kwetu."

Nakiete akaangalia chini mtoni, moshi unapanda. Akaangalia njia panda, nyundo inalia. Akaangalia mlango wake, ambao mumewe alipitia siku ile asirudi. Kila nyumba ilikuwa inapika mtama wake yenyewe, na akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu awe mjane.

Lakini baragumu ni zito, jamani, na bado liko begani mwake. Msimwache amesimama hapo. Semeni ninyi mliokula mkashiba: alitundike mlango gani?