Injini ya Mzee Mtaki na Usukani Mmoja

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe kabisa sasa hivi, maana kikohozi cha hadithi hii kinatosha. Mwishoni nitawaachia kesi. Mimi imenishinda. Nimeshaigombania na mke wangu, na shemeji, na kinyozi akiwa na wembe mkononi.

Katika kisiwa kimoja ziwani aliishi Mzee Mtaki, mtu mwenye hasira kiasi kwamba hata salamu alikuwa anaijibu kama anatukanwa. Alikuwa na watoto watatu. Masatu, wa kwanza, alijaliwa masikio: ukipita nyuma ya nyumba anakwambia kandambili yako ipi imekatika. Nyabise, binti wa katikati, alijaliwa pua: anajua jirani alikaanga nini juzi. Majura, kitinda mimba, alijaliwa vidole: anatoa mwiba wa samaki kooni mwa mtoto, na mtoto halii.

Shamba lao lilikuwa na upana wa mkeka. Kilichowalisha ni boti moja ya abiria, imeandikwa ubavuni MTAISOMA NAMBA, na injini yake kuukuu ambayo mzee hakuruhusu mtu kuigusa. Sasa injini ikaanza kumisi. Inanguruma, inakohoa, inanyamaza, halafu inaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji. Siku moja ikawapitisha abiria mbele ya mwalo wao wenyewe, pale boti zinapotia nanga, wakienda na maji, huku watu wa nchi kavu wakiwapungia mikono.

Boti ilipovutwa kurudi, Mzee Mtaki alishuka amefura. Akapaza sauti mbele ya mwalo mzima:

"Atakayeiponya hii takataka, boti yake, usukani wake! Mmoja tu! Wawili waliobaki wavuke bara wakatafute maisha, nimechoka kulisha vinywa!"

Masatu akaiwasha, akainamisha kichwa asikilize. "Baba, silinda ni mbili, inayofanya kazi ni moja." Akachomoa waya wa plagi ya juu, injini ikadhoofika. Akaurudisha, akachomoa wa chini, mlio haukubadilika hata kidogo. "Maiti ni huyu wa chini." Plagi ikatoka nyeusi, imelowa oili. "Nani anachanganya oili nyingi hivi kwenye petroli?"

"Mimi!" mzee akafoka. "Injini ni mzee, lazima alishwe! Na masikio hayo mbona huwa huna nikikuita shambani?"

Plagi ikabadilishwa, oili ikapimwa upya. Injini ikawaka vizuri, ikaenda hatua hamsini, ikakohoa.

Nyabise akaja akinusa. "Petroli hii imepoa. Ina maji." Wanaume wakacheka. Akaimimina kwenye chupa nyeupe, akaiacha itulie: maji yakakaa chini, yanang'aa. Hakuna aliyecheka tena. Akaliinua dumu la petroli juu watu waone. Kifuniko kilipotea mwaka juzi. Mdomoni kulikuwa na gunzi la muhindi. "Mvua yote ya masika imepitia hapa. Nani kaziba dumu kwa gunzi?"

"Mimi! Gunzi lina ubaya gani? Na wewe mwanamke, nani kakwambia utashika usukani?"

"Wewe, baba. Umesema atakayeiponya. Hukusema awe na ndevu."

Petroli safi ikawekwa. Injini ikaenda hatua mia mbili, ikakohoa.

Majura akasogea. Akafumba macho, akapitisha vidole kwenye mpira wa mafuta, taratibu. Mpira ulikuwa umefungwa bendeji ya tyubu ya baiskeli. Vidole vikasimama hapo. "Hapa panavuta hewa." Akaukata, akaunganisha kipande kipya kwa kibano. "Baba, hii bendeji..."

"Mimi! Mimi! Mimi!" Mzee akavua kofia, akaikanyaga.

Safari hii injini ikaenda hadi kwenye miamba na kurudi, mlio mmoja, bila kikohozi. Mwalo ukashangilia. Mzee peke yake alinuna: kila dawa ilikuwa shitaka dhidi yake.

"Nimeimaliza mimi," akasema Majura. "Kabla ya vidole vyangu, bado ilikuwa inakohoa."

"Kabla yangu mlikuwa mnaendesha maji ya mvua!" Nyabise akamkata.

"Mimi ndiye niliyeanza, nyote mlikuwa mmekodoa macho!" Masatu akaupiga ubavu wa boti. "Mnataka niende kubeba zege bara, kwa injini niliyoigundua mimi?"

"Kwa hiyo nikabebe mimi?" Nyabise akamsukuma. Majura akaingia katikati, akala kofi lisilo lake.

"Kimya!" mzee akanguruma. "Rudisheni plagi ile mbovu!" Wakarudisha. Injini ikakohoa. Wakaweka nzima. "Rudisheni petroli ya gunzi!" Ikakohoa. Wakaimwaga, wakasafisha. "Rudisheni ule mpira!" Ikakohoa. Wakaweka mpya. Yaani dawa tatu, na ukiondoa yoyote, mgonjwa hana nafuu.

Mzee akabaki ameushika mkono wa injini, ndio usukani wenyewe, hajui ampe nani. Abiria wakagawanyika makundi matatu, wakaanza kurushiana maneno, kisha ndala.

Msiniambie wapeane zamu: chakula cha boti ile kinatosha nyumba moja, na mzee ameshaapa mbele ya watu. Msiniambie mzee abaki nayo mwenyewe, atarudisha gunzi kesho asubuhi. Mmoja anashika usukani leo, na wawili wanafungasha nguo zao, ndugu yao awavushe.

Haya, wewe unayecheka hapo nyuma, simama. Mzee anakutazama, na hana subira. Sikio, pua, au vidole: usukani unamkabidhi nani, na hao wawili utawaambia nini wakiwa wanapanda?