Misao na Wimbo wa Mtikisamkia

Wahenga walinena kwamba ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Kusema ni rahisi kama kupiga chafya. Kuinama ndiko kazi, hasa kwa mtu aliyezoea kupigiwa makofi.

Misao alizaliwa Hita, mji wa mto mpana na kokoto nyeupe. Alikwenda Tokyo kusomea piano, akarudi na cheti na vidole vyepesi kama mvua ya rasharasha. Bi Tokunaga, mwalimu aliyemfunza tangu utotoni, alikuwa anastaafu, na Misao aliitamani nafasi yake kwa moyo wote. Akiikosa, kilichomngoja ni kuuza viatu dukani kwa mjomba wake.

"Wazazi wataamua siku ya tamasha," Bi Tokunaga alimwambia. "Utawachezea Mtikisamkia."

Misao aliangua kicheko. Lilikuwa zoezi fupi la zamani, lililotungwa Ulaya kwa ajili ya wanafunzi, la kumwiga ndege mdogo wa mtoni. Hakuna mtoto wa piano pale Hita ambaye hakulipitia.

"Mwalimu, unanitania! Nimeandaa kipande cha dakika ishirini."

"Hicho kaa nacho. Na utacheza wa kwanza."

Uso wa Misao uliwaka. Katika matamasha yao wachanga ndio huanza, na bingwa hufunga. Yeye akalie kiti kilichopandishwa kwa ajili ya watoto wa miaka sita?

"Hebu nitegulie kitendawili," Bi Tokunaga akaendelea. "Kutwa anasema 'ndiyo, ndiyo'. Ukimsogelea, 'hapana'. Nani huyo?"

"Mchumba wangu wa zamani."

"Ni ndege huyohuyo, mjinga wewe! Mkia hukubali, mabawa hukataa. Unamchezaje na hujawahi kumtazama?"

Misao alilivamia zoezi kwa kasi, piano ikanguruma. Kotoha, mwanafunzi wa miaka saba aliyekuwa akingoja zamu yake, aliziba masikio.

"Dada, huyo si ndege. Ni lori la magogo."

Neno hilo lilimchoma kama mwiba. Asubuhi iliyofuata alishuka mtoni. Aliwaona mtikisamkia watano, wakinesanesa mikia yao. Aliposogea, wakaruka. Akasogea tena, wakaruka tena. Mwishowe alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi juu ya kokoto, koti lake la Tokyo likilowa maji. Akatulia mpaka viwiko vikafa ganzi.

Ndipo mmoja akaja. Mweusi kwa mweupe, mdogo kuliko ngumi, alitua mbele ya pua yake. Alikimbia hatua tatu, akasita. Mkia ukapiga, ukapiga. Mto wote ulionekana kumsubiri. Kisha akaruka, akazama hewani, akainuka, akazama tena, na kila alipoinuka alitoa vilio viwili vyembamba. Misao alisahau kupumua. Kumbe zile sauti mbilimbili alizokuwa akizitwanga kama mahindi zilikuwa nyayo, mkia na bawa! Na ule ukimya mfupi kati yake, ambao yeye aliuruka kila siku, ndimo uhai ulimokaa.

Siku ya tamasha alitoka wa kwanza.

"Maskini, ameshushwa daraja," mama mmoja alinong'ona.

Misao alimsikia. Akainama mbele ya watu mpaka kichwa kikakaribia magoti, akakalia kiti cha watoto na kuanza, polepole, kwa ncha za vidole. Ukumbi uliingiwa na baridi tamu. Kitu kidogo kilikimbia, kikasita, kikainuka. Baba mmoja aliyekuwa akisinzia alifumbua macho.

Haikuzidi dakika moja na nusu. Misao alipoinua mikono, hakuna aliyepiga makofi. Vichwa vyote vilikuwa juu, macho yakitembea darini. Kotoha, aliyepaswa kufuata, aligoma kupanda jukwaani.

"Fungeni mlango kwanza," alisema, akiuonyesha mlango. "Asije akatoka!"

Na baba yule, mtu mzima mwenye ndevu, aliinuka akaufunga kwa vidole viwili, taratibu, asimshtue.

Jioni hiyo wazazi wote kumi na wanane waliandikisha watoto wao kwa Misao. Kile ambacho dakika ishirini za mbwembwe zisingempa, alikiokota chini kwenye kokoto, tumbo likiwa majini. Hakika, ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.