Sakafu ya Sultani Isiyogawika

Hapo zamani, wakati kila mwenye kilemba kirefu alihesabiwa kuwa na akili nyingi, Sultani Haidari wa Kiwandeo alijenga ukumbi wa pembe nne. Akautandika vigae vidogo vya upana wa kidole gumba, akamwapia fundi kwamba mstari mmoja ukipungua kigae, kichwa chake kitaanguka. Basi wanahesabu wake wakapiga magoti na majoho yao, wakavihesabu kimoja kimoja mpaka wakachubuka. Ikawa laki kumi, elfu ishirini na mbili, mia na kumi na saba.

Wakaijaribu hesabu ile kwa mbili, ikabaki kitu. Kwa tatu, kwa tano, kwa saba, ikabaki. Walipokaribia mia njaa ikawauma, wakamwambia bwana wao kuwa haigawiki kabisa. Wavivu wakubwa wale! Naye Sultani akavimba kichwa. "Hesabu yangu haigawiki, nami sigawiki, na katika Kiwandeo hakigawanywi kitu!" Tangu hapo akifa mtu shamba lake huchukuliwa na Sultani, kwani kugawa mirathi ni kumtukana.

Hata babake Ngwali akafa. Ngwali alikuwa fukara wa kutupwa, hajui kuhesabu kupita vidole vyake, ila alikuwa na dada mjane, Mize, ambaye wanawe walilishwa na minazi ya shamba lile. Askari walipolitwaa, Mize akalia mpaka sauti ikamkauka. Ngwali akashikwa na uchungu, akaenda ukumbini.

"Bwana wangu, nimekuja kudai shamba letu."

Sultani akacheka kwa dharau. "Utalipata ukiigawa hesabu ya vigae hivi mafungu sawasawa, pasibaki kitu. Wala usiniletee fungu moja la vyote, wala mafungu ya kigae kimoja kimoja. Ukishindwa nakukata ulimi."

"Ewallah. Ni vingapi?"

Wakamtajia.

"Lahaula! Vingi hivyo siviwezi," akasema Ngwali, na wanahesabu wakacheka mpaka vilemba vikawalegea. Yeye akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya mstari wa ukutani. "Bwana, huu haukupungua?"

"Upungue!" Sultani akafoka. "Hakuna mstari wangu uliopungua hata kigae kimoja. Fundi angekuwa kaburini!"

"Na nje ya mistari kuna kigae kilichobaki?"

"Hakuna, mpumbavu wee!"

"Basi kila mstari ni fungu, bwana. Mafungu yote ni sawasawa, na hakikubaki kitu. Umesema mwenyewe."

Shehe Nasibu, mkuu wa wanahesabu, akahesabu mstari mmoja, akapata vigae elfu na tisa. Akahesabu mistari, ikawa elfu na kumi na mitatu. Akazidisha huku jasho likimtiririka, na ikatoka hesabu ile ile. Miezi mizima walikuwa wakitambaa juu ya jawabu kwa magoti yao.

"Ng'oeni kigae kimoja!" Sultani akapiga kelele. "Mistari isilingane!"

"Usifanye, bwana wangu," Shehe akanong'ona. "Hesabu itaishia na sita. Hata mtoto ataigawa kwa mbili."

"Basi ongezeni kimoja!"

"Itaishia na nane, bwana."

Ngwali akaangua kicheko, na askari mlangoni nao wakashindwa kujizuia, wakacheka. Aibu iliyoje! Sultani akaona asipotimiza neno lake atachekwa na mji mzima, akalirudisha shamba, na mashamba ya wengine pia, kisha akatoka kwa mlango wa jikoni asiukanyage ule ukumbi.

Ngwali na Mize wakagawana minazi, huu wako, huu wangu, ukabaki mmoja. Mize akataka kumwachia kaka yake, naye akakataa. Akaukwea mnazi ule, akaangua nazi zake, akampelekea Sultani.

"Kutoka kwetu, bwana wangu," akasema. "Hili ndilo baki."