Majani ya Mzee Shekiondo

Kaeni vizuri. Hii imewatoa jasho wenye akili kuliko ninyi, na wengine walikuwa na ndevu.

Huko milima ya Usambara aliishi mganga, Mzee Shekiondo. Dawa yake ya homa ilitaka mimea mitatu, na kwao mmea huitwa kwa idadi ya majani ya kikonyo kimoja: Jani-Moja, Majani-Matatu, Majani-Matano. Kwa kuogopa wanawe wasije wakatawanyika, alimfundisha kila mmoja mmea mmoja tu. Kaniki, kifungua mimba, Jani-Moja. Mboza, binti yake, Majani-Matatu. Kihiyo, kitinda mimba, Majani-Matano.

“Hamtaachana,” aliwaambia. “Mmoja peke yake hatibu hata kuku.”

Wakaachana. Kila mmoja na jani lake, kila mmoja na njia yake. Mke wa mzee naye akafariki, mzee akabaki anapika ugali wa mtu mmoja na kuukosea kipimo kila siku.

Hata homa ikamwangusha. Majirani wakapeleka habari, watoto wakaja mbio.

Jani-Moja huota gengeni. Kaniki alijifunga kamba kiunoni akashuka, akarudi magoti yakivuja damu.

Majani-Matatu yana mmea pacha wenye sumu. Mboza alitafuna kwanza yeye, akangoja kuona kama atakufa.

Majani-Matano yalibaki kwenye ua mmoja tu, kwa mtu aliyegombana na Kihiyo hadi kurushiana mapanga. Kihiyo, mwenye kiburi cha jogoo, alipiga magoti akaomba radhi mbele ya watoto wa yule bwana.

Dawa ikachemka, mzee akanywa, akaketi. Jioni hiyo walikula wanne sinia moja, na yeye akaukosa usingizi kwa furaha.

Asubuhi ugomvi. Kila mmoja alitaka kumchukua baba kwake, na kwao ni mbali, pande tatu. Kila mmoja akasema bila jani lake baba angekuwa kaburini. Na akaapa kwamba baba akienda kwa mwingine, yeye hatakanyaga huko kumwona.

Mzee aliwatazama mmoja mmoja.

“Ningejua,” alisema taratibu, “ningeugua mapema.”

Akavaa viatu, akasimama kizingitini. Wote watatu wamemnyooshea mkono, naye ana mkono mmoja tu wa kutoa. Mwingine umeshika fimbo.

Haya, wenye akili. Je, wewe ungemwambia aushike wa nani?