Majina Yaliyoandikwa kwa Duara

"Wasiochagua msemaji huchaguliwa mfungwa." Ndivyo fundi baiskeli alivyowaambia, wajukuu zangu, nanyi mkacheka mpaka mkashika mbavu. Haya, kaeni. Mmekuja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi, na leo nitasema, maana waliokuwapo wote wamekwisha, nimebaki mimi. Na msidhani nitajisifu humu ndani.

Chanzo cha methali hii ni maji. Enzi za mkoloni, huku kwetu milimani, shamba kubwa la mkonge lililokuwa bondeni lilichomeka bomba kwenye chemchemi yetu. Mifereji ikakauka, migomba ikasinyaa, watoto wakawa wanaharisha kwa kunywa maji ya madimbwi. Mwanzoni tulimtuma Mzee Senkondo akatusemee. Akarudi na baiskeli mpya na mabati kumi na manane, na tangu siku hiyo hakutaja tena habari za maji. Jamani, tuliumia! Ndipo tukaapa kwamba kiongozi basi. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo, wote sawa.

Barua ya kumpelekea Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa wakati ule, tuliiandika kwa namna yetu. Niliweka mfuniko wa sufuria juu ya karatasi, nikauzungushia kalamu, na majina yetu hamsini na mawili yakafuata duara lile. Hakuna jina la kwanza wala la mwisho. Sasa atamkamata nani? Atamhonga nani? Tulijiona werevu kweli kweli, na mimi mwenye mfuniko ndiye niliyejiona zaidi.

Bwana Shauri akaja mwenyewe, na mkalimani wake. Watu husema alikuja kwa shari. Si kweli, siku ile alikuja kwa heri.

"Barua yenu nimeisoma," akasema. "Madai yenu yana ukweli. Alhamisi mwenye shamba atakuwa ofisini kwangu. Nipeni mtu mmoja aje kuwasemea, na mtakalokubaliana nitaliandika."

Kila mtu akaanza na lake. Huyu anataka bomba ling'olewe, yule anataka maji yagawanywe kwa zamu, mwingine anataka alipwe migomba yake. Mkalimani akachoka kugeuza shingo.

Hapo wifi yangu Niendiwe, mjane wa kaka yangu, akasogea mbele, mtoto mgongoni. Alikuwa mpole, ila akizungumza watu walisikiliza.

"Mkiniruhusu, nitakwenda mimi," akasema. "Nitasema mtakachonituma, sitaongeza wala sitapunguza."

Nikamrukia. Ndiyo, mimi huyu mnayemwona.

"Nani kakutuma? Na wewe unataka mabati?"

"Wifi, mabati ya nini? Maji nayataka. Huyu mtoto anaharisha siku ya nne leo."

"Rudi nyuma! Hapa hakuna mkubwa!"

Watu wakaitikia, "Hakuna!" Niendiwe akanitazama, nami nikamkazia macho, akarudi alipokuwa amesimama. Bwana Shauri akangoja kidogo, akafunga daftari lake, akaondoka. Alhamisi ikafika na kupita, na ofisini hakwenda mtu.

Wiki iliyofuata vijana wachache walipanda chemchemini na mashoka, wakalivunja bomba. Nani aliwatuma? Hakuna. Na nani angewakataza? Hakuna vilevile. Tulipoona maji mferejini tulipiga vigelegele, tukateka, tukanywa, tukawaogesha watoto. Kabla ya adhuhuri askari walikuwa wamefika, na Bwana Shauri pamoja nao. Safari hii hakuwa na uso wa heri.

"Kiongozi wenu nani?"

"Hatuna."

Akaifungua ile barua yetu, akaizungusha mkononi, asijue aanzie wapi. Kisha akainua macho, akatupitia mmoja mmoja mpaka akamfikia Niendiwe.

"Huyu namkumbuka," akasema. "Huyu ndiye aliyesogea mbele."

Wajukuu zangu, mtu mmoja tu angesema, "Hapana bwana, huyo tulimkataza sisi wenyewe," huenda ingetosha. Lakini nani amsemee, na tulikwisha kuapa kwamba hakuna wa kumsemea mwenzake? Kila mmoja akamngoja jirani yake. Aliyejua kuliko wote ni mimi, na niliinamisha kichwa. Niliogopa. Ninaona aibu mpaka leo ninapowaambia. Niendiwe alifungua mbeleko, akanipa mtoto.

"Uji wake usiwe mzito," akaniambia. "Tumbo lake bado halijapona."

Akachukuliwa. Alifungwa miaka mitatu. Bomba likarudishwa, tena nene kuliko la kwanza, na hakuna mkubwa wa serikali aliyekuja tena kutuuliza tunataka nini.

Siku aliyotoka tulijaa uani kwake kumpa pole. Alikuwa amekonda, kichwa chote mvi, na hakuwa hata na miaka thelathini. Hakumsalimu mtu. Alichuchumaa, akanyoosha mikono.

"Njoo, mwanangu. Njoo kwa mama."

Mtoto akamkodolea macho, kisha akanikimbilia mimi, akajificha kwenye kanga yangu. "Mama," akaniuliza, "huyu nani?"

Nilimvuta kwangu, nikatazama chini. Watu wote walikuwa wananitazama. Jirani mmoja akasema, "Pole sana, Niendiwe. Miaka yote hii tulikuwa nawe moyoni."

Niendiwe alikuwa bado amechuchumaa, mikono ameinyoosha. Alijibu polepole, wala hakuwa na hasira, na heri angenitukana.

"Mlinikataza nisiwe msemaji wenu," akasema, "mkanyamaza nilipofanywa mfungwa wenu. Basi wafundisheni watoto wenu: wasiochagua msemaji huchaguliwa mfungwa."