Nyuzi Saba za Ndugu wa Buibui

— Mliokaa, mpo?
— Tupo, tumetega sikio!
— Nimwage?
— Mwaga, tukinge!

Alikuwako Buibui, akikaa peke yake. Nduguze saba walichukuliwa na upepo, wasirudi. Kila mmoja aliacha uzi mmoja, mrefu, wenye matawi. Buibui alizihifadhi pamoja na nyuzi zake mwenyewe, zilizonyooka. Alizisemesha, zisijibu.

Siku moja, ti! ti! ti! Kiboko huyo.

"We kidudu! Nyuzi ndefu zote ni zangu. Nitasuka kamba nizungushie bwawa, asinywe mwingine. Fupi baki nazo."

Buibui akawaza: zake angeweza kuzisokota upya. Za nduguze, katu.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Shikamoo yako weka! Nyuzi ziko wapi?"

"Zipo. Ila utazipima moja moja, kwa kwato hizo?"

Kiboko akatazama kwato zake. "Sasa wasemaje?"

"Tuzichemshe. Maji yakipoa, ndefu huzama, fupi hubaki juu. Chungu kitatupimia."

Huo ulikuwa ukweli nusu. Upweke ulikuwa umemfundisha Buibui hesabu: miaka mingi alichemsha, akahesabu, akaandika mchangani. Nyuzi zilizonyooka hulaliana, zikazama upesi. Zenye matawi hazilaliani. Hata ziwe ndefu, huchelewa kama fupi. Hesabu ilimwambia: tangu chungu kiepuliwe, zilizonyooka huzama ukihesabu hadi sitini, za ndugu hadi sabini.

Chungu kikachemka, toko-toko-toko! Nyuzi zikayeyuka, zisionekane. Wakakiepua, Buibui akahesabu. Ilipofika sitini, chwii! Zilizonyooka zikazama.

"Ndizo hizo, Bwana. Chukua."

"Tungoje! Huenda zikaja nyingine."

"Sitini na tano," akasema Buibui. "Tungoje, Bwana, lakini zilizozama zitagandamana na chungu, zisibanduke tena. Sitini na sita…"

"Ala!" Kiboko akatumbukiza mdomo, akazizoa zote, akaenda zake, ti! ti! ti! "Baki na vifupi vyako, mjinga we!"

Buibui akaendelea kuhesabu, pole pole. Sabini. Uzi wa kwanza wa nduguze ukajitokeza majini ukizama, na matawi yake. Kisha wa pili. Hata wakatimia saba. Akaziopoa, akazianika, akacheka hadi akashika mbavu. Akageuka amsimulie mtu alivyomshinda Kiboko.

Hapakuwa na mtu.

Ngano yangu imechoka, naiketisha. Na funzo lake ni hili, enyi wasikivu: jifunzeni hesabu, kwa maana mwenye hesabu hakai peke yake.

— Mbona Buibui yuko peke yake?